Mkarafuu Hausomi Kalenda: shajara ya mradi wetu, Pemba

7 Februari

Leo tumeanza. Tuko wanafunzi wanane wa kidato cha pili na cha tatu, mimi mwalimu wao, na wazee wawili waliokubali kutusaidia kwa sharti kwamba tusiwaamshe kabla ya chai. Tumechagua mikarafuu kumi na miwili, miembe minne na msufi mmoja mkubwa ulio nyuma ya msikiti. Shamba liko upande wa Wete, kwenye vilima ambavyo mwenye baskeli hushuka akaikokota.

Kazi yenyewe haina mashine. Kila Jumamosi asubuhi tunapita mti kwa mti tukiandika uko hatua gani: umetoa majani mapya, umetumba, umechanua, umezaa. Kando yake tunaandika mvua, kama ilinyesha na kwa kiasi gani.

Kilichonitia kwenye jambo hili ni baraza. Kila jioni atatokea mtu aseme "majira yamebadilika", na wote tutaitikia. Ukiuliza yametoka wapi yakenda wapi, hapo kila mtu na lake. Huyu anasema masika yanachelewa, yule anasema yanawahi, wa tatu anasema siku hizi hakuna masika, kuna mafuriko na jua tu. Wote wanaweza kuwa wakweli. Lakini hakuna hata mmoja mwenye tarehe iliyoandikwa.

14 Februari

Siku nzima imekwenda kwenye neno moja: tumba.

Ncha ya tawi la mkarafuu inaweza kutoa majani au karafuu, na mwanzoni vyote viwili ni kitu kidogo chenye wekundu, kimechomoza mbele ya jani la zamani. Wanafunzi wanne waliandika "umetumba", wanne wakaandika "majani", na wote walikuwa wanautazama mti mmoja. Tukamwita mzee mwenye shamba. Akalivuta tawi, akalitazama kidogo tu, akasema: "Hili jani. Hili nalo jani. Hili karafuu." Tukamuuliza amejuaje. "Karafuu inatoka imejishika." Zaidi ya hapo hakuwa na maelezo, na sisi tumebaki na neno "imejishika" kwenye daftari kama kipimo cha kisayansi.

Tumekubaliana hatua saba: majani ya kale tu, majani mapya mekundu, tumba dogo, tumba la kijani lililojaa, tumba lililoanza kugeuka rangi, ambalo ndilo la kuchumwa, ua lililofunguka, na mpeta, yaani tunda la mkarafuu.

Nikiwaza njiani kurudi, niliona jambo ambalo sikuwahi kulifikiri vizuri. Karafuu ni ua ambalo halijafunguka. Likifunguka, bei imeondoka. Kwa hiyo watu wa kisiwa hiki wamekuwa wakilinda tumba lisiwapite kwa vizazi, tangu mikarafuu ilipoletwa Zanzibar mwanzoni mwa karne ya 19, na hasa baada ya kimbunga cha Aprili 1872 kuiangusha mikarafuu ya Unguja na kuiacha Pemba ikiwa ndiyo shamba kubwa. Nikiwafundisha wanafunzi kwamba kuna elimu inayohusu wakati wa mimea kutoa majani na maua, nawaambia jambo ambalo bibi zao wanalifanya kwa macho. Kilichokosekana ni daftari.

21 Februari

Kosa la kwanza la mradi, na ni langu. Niliifunga miti yetu vitambaa vyekundu ili ionekane kwa mbali. Kitambaa chekundu, juu ya mkarafuu, Pemba! Kufika Jumatatu habari zimezagaa kwamba shamba limewekewa kago, dawa ya kuwadhuru wezi. Mwanamke mmoja aliyekuwa akipita njia ile kwenda kisimani amebadilisha njia. Leo tumevitoa vyote na kuandika namba kwa rangi nyeupe kwenye shina.

Mwenye shamba hakufurahi. Anasema wiki ile moja hakuibiwa hata nazi.

15 Machi

Kipimo cha mvua ni chupa ya maji ya lita moja na nusu iliyokatwa shingo, shingo ikageuzwa kuwa mrija, na chupa ikafukiwa nusu ardhini isipeperushwe. Chini tumetia kokoto na maji mpaka kwenye alama ya sifuri, maana chini ya chupa hapako sawa. Hatushindani na vituo vya Mamlaka ya Hali ya Hewa. Vya kwao ni vya kisiwa, chetu ni cha shamba hili. Mvua ya Pemba inaweza kulowesha upande mmoja wa kilima na kuacha mwingine ukiwa na vumbi.

Ramadhani ya mwaka huu haikukutana na masika. Naliandika kwa sababu litatuhusu baadaye.

Mikarafuu namba 2, 5, 6 na 11: tumba dogo. Safari hii sote tumekubaliana. Imejishika.

12 Aprili

Mvua. Jumamosi mbili hatukutoka. Chupa ilijaa ikamwagika, kwa hiyo tunajua kwamba ilinyesha zaidi ya chupa, basi. Daftari limelowa na wino umekimbia kurasa nne. Kuanzia leo ni penseli tu.

3 Mei

Leo ndiyo siku iliyonifunza kuliko zote tangu tuanze, nami naiandika kwa urefu.

Tuliwakalisha wazee wawili ukumbini tukawauliza kuhusu vuli ya zamani. Mkubwa wao alijifunza hesabu ya miongo kwa baba yake alipokuwa mtoto, kabla ya Mapinduzi. Kwa wasioijua: ni hesabu ya Nairuzi. Mwaka unaanza Siku ya Mwaka, ambayo siku hizi huangukia Julai, ile ambayo Makunduchi wanaifanyia Mwaka Kogwa. Kuanzia hapo siku huhesabiwa kumi kumi, kila kumi mwongo mmoja, miongo 36, na siku tano za kumalizia. Wakulima na manahodha walikwenda nayo kwa sababu inafuata jua na pepo, tofauti na mwezi wa Kiislamu ambao kila mwaka hurudi nyuma kama siku 11.

Mzee akasema: "Vuli tulikuwa tukiingojea siku ya mia. Sasa mia inapita, kumi nyingine inakuja juu yake, ndipo linaanguka tone la kwanza. Vuli imechelewa mwongo mzima."

Wanafunzi wakaandika kwa furaha. Hatimaye tumepata tarakimu! Mimi nilikuwa nafurahi nao mpaka mmoja wao, binti wa kidato cha tatu ambaye darasani hasemi, akauliza: "Maalim, hesabu hiyo ina mwaka mrefu?" Yaani mwaka wa siku 366.

Haina. Mwaka wa Nairuzi ni siku 365, hauongezi siku. Jua halikai 365 kamili, linachukua siku 365 na kama robo. Kwa hiyo kila miaka minne Siku ya Mwaka inaangukia siku moja mapema zaidi kuliko ilivyokuwa kwenye kalenda ya miladi. Kwa miaka 100 ni siku 24 au 25. Tukapiga hesabu ubaoni: tangu mzee ajifunze imepita miaka sitini na kitu. Sitini kwa nne, kumi na tano. Siku 15, mwongo mmoja na nusu.

Tafsiri yake hii: hata kama mvua ya vuli ingekuwa inaanguka siku ile ile ya mwaka wa jua bila kuyumba, mzee huyu angeiona inachelewa kwa siku 15 katika hesabu yake. Naye ametuambia imechelewa siku kumi.

Nilikaa kimya. Upande mmoja nilikuwa nimefurahi kama mtu aliyekamata mwizi. Upande wa pili nilijua kwamba ushahidi wetu mzuri kuliko wote umeyeyuka mbele ya macho yetu, na huenda nusu ya maneno ya barazani yamejengwa hivyo hivyo. Maana hapa kwetu mtu mmoja anatumia kalenda tatu kwa siku moja. Anafunga kwa mwezi, anapanda kwa miongo, anapokea mshahara kwa miladi. Akikumbuka jambo la miaka 40 nyuma, analikumbuka kwa ile kalenda iliyokuwa karibu na jambo lenyewe. Mzee wa pili alituambia kuhusu mwaka ambao walifunga Ramadhani mvua zikinyesha wakati ambao kaskazi ilipaswa kuwa kavu. Tulipoitafuta tukaikuta: Ramadhani iliyoanza mwisho kabisa wa Disemba 1997, katikati ya mvua za El Niño. Kumbukumbu yake ni sahihi kabisa. Lakini angesema "Ramadhani zamani ilikuwa ya mvua", na mtu akaandika hivyo hivyo bila kuuliza Ramadhani ipi, ungekuwa upotofu, kwa sababu Ramadhani huzunguka majira yote kila miaka 33 hivi.

10 Mei

Nilirudi kwa mzee peke yangu. Nilimwamkia, nikamweleza ile hesabu ya robo ya siku pole pole, nikiogopa kumvunjia heshima. Alisikiliza mpaka mwisho akitafuna tambuu. Kisha akasema:

"Sawa Maalim. Kalenda imetembea, nimekubali. Na mkarafuu je, nao unasoma kalenda?"

Nikasema hausomi.

"Basi niulize mti, usiniulize siku. Mwembe dodo ule pale, nilipokuwa kijana, vuli ikianguka tone la kwanza unakuta una vitoto ukubwa wa yai la kuku. Mvua inakuja kuzinenepesha. Sasa mvua inakuja na ua bado liko juu. Linaoza jeusi, linapukutika. Nani kamtangulia mwenziwe, mvua au mwembe? Hapo hapana mwongo wala miladi."

Nimelifikiria njia nzima. Alichonipa ni kipimo kisichohitaji tarehe, yaani mpangilio. Kama zamani A ilitangulia B, na sasa B inaikuta A njiani, hapo kuna kitu kimesogea, hata kama kalenda zote tatu zimekosea. Kumbukumbu ya mtu ni dhaifu kwa tarehe lakini ina nguvu kwa mfuatano. Kila mkulima anakumbuka kama maua yaliloa au hayakuloa, kwa sababu mwaka yaliyoloa alikosa embe.

Tumefungua ukurasa mpya kwenye daftari. Tumeuita "Nani alitangulia".

31 Mei

Nimewapa wanafunzi somo la nusu saa, na niliandike hapa kwa ufupi nisilisahau.

Mji wa Kyoto, Japani, wana kumbukumbu za siku ambayo maua ya miti ya cheri yalikamilika kuchanua, zinazorudi nyuma zaidi ya miaka 1,000, mpaka karne ya 9. Mwaka 2021 yalikamilika 26 Machi, mapema kuliko mwaka wowote uliotangulia katika kumbukumbu hizo. Huko Norfolk, Uingereza, Robert Marsham alianza mwaka 1736 kuandika dalili za kwanza za majira ya kuchipua, na familia yake ikaendelea baada yake kwa zaidi ya karne mbili. Kwa wenzetu habari inasomeka moja kwa moja: baridi ikiisha mapema, mti unachanua mapema. Dunia ya miaka 2011 hadi 2020 ilikuwa na joto la kama digrii 1.1 zaidi kuliko ile ya 1850 hadi 1900, na miti yao imelifuata.

Kwetu si hivyo. Pemba iko nyuzi tano kusini mwa ikweta. Siku ndefu kuliko zote na fupi kuliko zote zinatofautiana kwa kama dakika 35 tu, na hatuna baridi ya kuyeyuka. Miti yetu inasubiri mambo mengine. Mkarafuu unataka ukavu kabla haujatumba, ndiyo maana jua la kaskazi lina kazi hata kama hatulipendi. Mwembe unataka usiku wa baridi wa kipupwe na ukavu wake, ndipo ncha ya tawi igeuke ua. Usiku ukiwa wa joto, ncha hutoa majani. Na mvua ya vuli nayo ina bwana wake, Bahari ya Hindi. Upande wetu wa bahari ukipata joto kuliko upande wa Indonesia, vuli huja kubwa, kama 1997 na 2019.

Kwa hiyo kila mmoja ana saa yake: mkarafuu ukavu, mwembe baridi, vuli bahari. Joto la dunia haliziburuti saa hizo kwa mwendo mmoja. Uholanzi, katika msitu wa Hoge Veluwe, wamefuatilia kwa miaka mingi ndege wadogo wanaolisha makinda yao viwavi. Viwavi wakatangulia kuwa wengi mapema, na ndege hawakuwahi kiasi hicho, makinda yakawa yanafungua midomo wakati karamu imekwisha. Binti yule yule wa mwaka mrefu akasema: "Kama mwembe wa babu na vuli." Sikuwa na la kuongeza.

12 Julai

Kipupwe. Asubuhi shamba lina umande na wanafunzi wanakuja wamevaa masweta. Miembe namba 1 na 4 imetoa vijiti vya maua. Namba 2, hakuna. Namba 3 imetoa majani mapya mekundu upande wa mashariki na maua upande wa magharibi, jambo ambalo jedwali letu halikulitegemea.

Tumenunua kipimajoto dukani, cha kutundika ukutani, na tumekitundika chini ya kivuli cha paa la makuti. Kinasomwa alfajiri, kabla jua halijachomoza, na kijana anayekaa karibu na shamba. Nilimweleza kwa nini joto la usiku lina maana kuliko la mchana. Katika hifadhi ya Lopé, Gabon, watafiti waligundua kwamba baadhi ya miti huchanua ikiwa tu usiku wa majira ya ukavu umeshuka chini ya digrii 19. Mwaka 2020 ukatoka utafiti wa huko: kati ya 1987 na 2018 uwezekano wa kukuta matunda mabivu msituni ulipungua kwa asilimia 81, na tembo wa msitu ule wakaonekana kukonda. Gabon iko ikweta kama sisi, na waliyajua hayo kwa sababu mtu alipita mti kwa mti kila mwezi na penseli. Kijana akanitazama, akasema alikuwa anadhani sisi tunacheza.

Msufi wa msikitini umepukutisha majani yote na una maua. Usiku popo wako juu yake. Msufi unachavushwa na popo. Mti unatoa maua ukiwa uchi kabisa ili mbawa zao zisikwame, nadhani.

16 Agosti

Mpangilio: mvua ndogo ya mchoo imewakuta miembe 1 na 4 na maua. Kijiti kimoja cha namba 4 kimekuwa cheusi. Mzee hakusema kitu, alinionesha kwa kidole tu.

6 Septemba

Msiba. Mikarafuu 5 na 6 imechumwa Alhamisi. Tulikuwa tumepanga kuandika Jumamosi ni lini tumba limegeuka rangi. Wachumaji wakawahi, kwa haki yao kabisa, wamekodi miti kwa fedha zao. Sisi tumebaki na matawi matupu na makonyo yaliyoanguka. Hapo nimeelewa udhaifu wa mradi mzima: tunapima kitu ambacho kila mtu kisiwani anataka kukiondoa kabla hatujafika.

Tumezungumza na kiongozi wa wachumaji, bwana mmoja mpole mwenye magoti yaliyochubuka kwa miaka ya kupanda. Amekubali mawili. Kwanza, atatupigia simu anapoamua mti umefika, na siku ya uamuzi wake ndiyo tutakayoiandika. Ni kipimo bora kuliko macho yetu, nikisema kweli. Pili, ataacha tawi moja la chini kwenye kila mti wetu ili tuone linachanua lini na linakuwa mpeta lini. Alicheka sana aliposikia tunataka kuziacha karafuu zichanue. "Maalim, hiyo sadaka au sayansi?"

20 Septemba

Nimekwenda Kiuyu kumtembelea wifi wa mke wangu, analima mwani. Haukuwa mpango wa mradi, ila nimeandika.

Mbegu za mwani wa biashara zilianza kulimwa visiwani mwishoni mwa miaka ya 1980, na wakulima wengi mno ni wanawake. Aina mbili: spinosi, na kotoni ambayo bei yake ni nzuri zaidi. Kotoni haivumilii maji ya moto. Shina linageuka jeupe, linalainika, linakatika, asubuhi unakuta kamba tupu. Wifi anasema sasa hata hajisumbui, anafunga spinosi tu.

Kwake yeye tatizo ni saa zaidi kuliko mwezi. Wakati wa bamvua, siku za maji makubwa, bahari hukupwa karibu na saa nne asubuhi, na mwani unabaki kwenye maji ya magotini huku jua linapanda. Hilo halikubadilika, mwezi hauna haraka. Kilichobadilika ni ukali wa jua na joto la maji yanayobaki. Bamvua la kaskazi ndilo wanaloliogopa. Nilipomueleza kuhusu "Nani alitangulia" alisema kwake hakuna wa kutangulia: "Maji yanatoka na jua linaingia, pamoja. Sisi tunavunia katikati."

25 Oktoba

Wiki ya mbio. Karafuu ziko kwenye majamvi karibu kila uwanja kutoka hapa mpaka barabarani, kisiwa kizima kinanuka. Zikipata jua zuri zinakauka kwa siku nne au tano. Jumatano saa tisa wingu lilitokea upande wa bahari na vuli ikaanguka bila ya hodi. Skuli iliachwa tupu, kila mtoto alikimbia kwao kukunja jamvi. Mimi mwenyewe nilikunja la jirani. Karafuu iliyolowa ikiwa nusu kavu hupoteza rangi na hushuka daraja kituoni.

Tumeandika: tone la kwanza la vuli, 22 Oktoba. Mikarafuu mitano katika kumi na miwili ilikuwa haijachumwa bado. Mwembe 1: vitoto ukubwa wa punje ya kunde. Mwembe 4: vitoto vichache na maua yaliyobaki. Mwembe 2, ambao haukutoa kitu Julai, una maua mabichi.

Mzee alipoona ukurasa alisoma kwa sauti, neno kwa neno, mpaka "punje ya kunde". Akasema: "Yai la kuku liko wapi?"

Nilimwambia mwaka mmoja hauthibitishi kitu. Wataalamu wa hali ya hewa hupima wastani kwa miaka 30. Akaniuliza umri wangu, akahesabu vidole, akatikisa kichwa kwa huruma.

15 Novemba

Tumekwenda Kidike na wanafunzi kuona popo. Huyu ni popo wa Pemba tu, hapatikani kwengine duniani, mbawa zake upana wa mikono ya mtu mzima aliyeifungua. Miaka ya 1980 walikuwa wamekaribia kwisha, wakiliwa na miti yao ikikatwa, kisha vijiji vikaamua kuwalinda na wameongezeka wakawa maelfu. Wananing'inia kama matunda meusi na wanagombana mchana kutwa.

Nilichotaka wanafunzi wakione ni kinyesi chao chini ya miti. Tulikuta mbegu za mtini, na nyuzi za embe changa. Mlinzi anasema embe zikichelewa popo huenda mbali zaidi, au hushukia fenesi na mashelisheli ya watu, na hapo ndipo malalamiko huanza. Kwa hiyo msimu wa mwembe ukisogea, ugomvi wa popo na binadamu unasogea nao. Hili nalo tumeliingiza ukurasa wa mfuatano: malalamiko ya kwanza ya popo kijijini. Ni data kama data nyengine.

6 Disemba

Simu iliyokuwa na picha za kuanzia Agosti imeanguka kisimani. Tulikuwa tumenakili daftari lote kwenye jedwali la kompyuta ya skuli, lakini picha hazikunakiliwa. Mwenye simu amelia. Nimemwambia penseli haizami.

Tawi la chini la mkarafuu namba 9 limechanua lote, meupe yenye manyoya, na nyuki wamelijaa. Mwanafunzi mmoja mwenye miaka 15, mzaliwa wa hapa, mtoto wa mchumaji, alisema hajawahi kuona karafuu iliyochanua kwa wingi namna ile.

27 Disemba

Tumepita peke yetu, mimi na binti wa mwaka mrefu, wenzake wako likizo. Mwaka ujao atakuwa kidato cha nne na mitihani, amesema atakuja hivyo hivyo.

Mwembe namba 3, ule wa majani mashariki na maua magharibi, leo una embe tatu zilizoanza kuiva, vitoto vya kijani, na kijiti kipya cha maua, vyote kwenye tawi moja. Jedwali letu lina kisanduku kimoja kwa kila mti kila wiki, cha kuandika hatua moja. Alisimama na penseli muda mrefu. Kisha akaniomba rula, akakigawa kisanduku sehemu tatu.